Makasi gani tuweke katika sanduku ya huduma ya kwanza?



Koperative mingi zenye ziko na shamba la pamoja, kituo cha kuosha kahawa ao depo ya kakao ziko na sanduku ya huduma ya kwanza, ao ziko zinafikiria kuinunua. Katika orodha ya vitu vya kununua, kisha ganti, kompresi, bande na sabuni, kunakuwaka mustari mufupi wenye kusema tu: «makasi 1». Mwenye kutumwa sokoni anarudi na makasi ya fundi wa kushona, ao ile ndogo ya watoto wa masomo, na komite inaona kazi imekwisha. Mustari ule mufupi njo tunataka kuzungumuzia leo. Siku ya ajali kubwa, makasi ni kati ya vitu vya kwanza vyenye mutu anashika, na makasi mubaya inaweza kuongeza kidonda juu ya kidonda.

Watu wanafikiri ni ya kukata bande. Kukata bande ni kazi ndogo, hata wembe unaweza kuifanya. Kazi kubwa ya makasi ile ni kufungua nguo.

Tuchukue mukulima mwenye anafyeka chini ya migomba. Panga inateleza, inamukata juu ya goti. Amevaa suruali ya jini, juu yake kombinezo ya kazi, na bota ya kaucho. Damu inatoka, suruali yote imekuwa nyeusi, lakini hauone inatokea wapi. Wenzake wanafunga kitambaa mahali wanafikiri ni pale, na kumbe kidonda kiko sentimita kumi juu zaidi, ao kiko nyuma ya muguu. Damu inashuka pole pole ndani ya bota na hakuna mwenye anaiona. Ili damu isimame, mukono unapashwa kukandamiza kabisa mahali pa kidonda, na ili kupajua, inaomba ngozi ionekane. Kumuvua suruali inaomba dakika, na kama mufupa umevunjika, kila kuvuta ni kumuzungusha muguu na kuongeza damu ndani. Makasi nzuri inafungua muguu wa suruali kutoka chini mpaka kiunoni kwa muda wenye hauzidi dakika moja.

Iko ajali ingine yenye sisi maagronome tunaiogopa kuliko panga, na juu yake watu hawazungumuzi sana: dawa ya wadudu kumwangika juu ya mutu. Pompe ya mugongo inapasuka ao kifuniko hakikufungwa, dawa inalowesha shati na suruali. Dawa za aina ya organofosfati zinapita ndani ya ngozi. Mutu anaanza kutoka jasho mingi, mate yanajaa kinywa, mboni za macho zinakuwa ndogo, anatapika, kifua kinabana. Kila dakika yenye nguo ile inabakia juu ya ngozi, dawa inaendelea kuingia. Na kosa lenye watu wanafanya ni kumuvua shati kwa kuipitisha juu ya kichwa: hapo dawa yote inapita usoni, machoni na kinywani. Shati yenye vifungo, fungua vifungo. Shati ya kuvaa kwa kichwa, kata mbele kutoka chini mpaka shingoni, iangukie nyuma. Mwenye anakata avae ganti, kama hana ganti avae hata mifuko ya plasitiki ku mikono. Kisha maji mingi na sabuni, mara na mara. Usimulazimishe kutapika. Chukua chupa ao etiketi ya dawa, uende nayo ku kituo cha afya pamoja na mugonjwa, juu muganga anapashwa kujua ni dawa gani.

Basi makasi gani?

Tuanze na zenye hazifae. Makasi ya fundi wa kushona iko mukali na inakata vizuri, lakini iko na ncha mbili za kuchoma. Ukiipitisha chini ya suruali ya mutu mwenye anatetemeka kwa maumivu, ncha inaingia ku ngozi. Kisu na wembe ni hatari kuzidi, zaidi kama unakata ndani ya pikipiki ao ndani ya gari yenye inaruka mu mashimo. Sekateri ya kukatia kahawa, kuna wenye wanasema ina nguvu, tuitumie. Nguvu iko nayo kweli, lakini imetengenezwa kwa kukata tawi la muti: mudomo wake ni munene, haupite kati ya nguo na ngozi, kitambaa kinajikunja ndani yake pasipo kukatika, na tena imejaa utomvu na udongo. Iache ku kahawa yake.

Makasi ya hospitali yenye inaitwa Lister, kwa jina la muganga Joseph Lister wa Uingereza, ni chuma tupu, iko na kona na ncha yake ya chini ni bapa. Ni nzuri kwa kukata bande juu ya ngozi, na unaweza kuitokotesha mara mingi bila shida. Lakini mbele ya jini iliyolowa inachoka mbio. Kama koperative iko nayo tayari, ibakie, lakini isikuwe ya peke yake.

Yenye tunatafuta, katika Kifaransa wanaiita ciseaux Jesco. Ukifika ku farmasi kubwa ao kwa wauzaji wa vyombo vya hospitali, sema tu «Jesco», mara mingi wataelewa. Mishiko yake ni ya plasitiki, mara mingi ya rangi ya kuonekana. Visu vyake vimepinda kwa kona, vile mukono unabakia juu wakati kisu kinatembea bapa juu ya ngozi. Kisu cha chini kiko na ncha pana, ya mviringo, kama ulimi mudogo: hiyo njo inateleza juu ya ngozi bila kuchoma. Na ukiangalia karibu, kisu kimoja kiko na meno madogo madogo. Meno yale yanashika kitambaa ili kisikimbie wakati unakata. Kama hakuna ulimi ule wa mviringo, haiko Jesco hata muuzaji aape.

Urefu, ziko za karibu sentimita 14 na ziko za karibu sentimita 18 ao 19. Ile ndogo inaingia ku mufuko wa shati na bei yake ni kidogo, lakini kwa jini mbili juu ya zingine, ao mukaba wa begi, mukono unachoka na inakwama. Kwa kazi ya shamba, kamata ile kubwa. Angalia pia tundu za mishiko: jaribu na mukono wenye umevaa ganti, juu siku ya damu utakuwa na ganti. Kama kidole gumba kinabanwa, tafuta ingine.

Ziko zenye visu vimepakwa rangi nyeusi. Rangi ile inasaidia gundi ya sparadra isishikamane na kisu, na haiwaki ku jua. Ni kitu cha kupendeza lakini kisikufanye ulipe mara mbili. Ziko pia zile za kukunja, kama Leatherman Raptor ya Marekani, yenye inakunjwa kama kisu cha mufukoni na iko na chombo cha kukatia mikaba, cha kukatia pete na cha kuvunja kioo. Ni chombo kizuri sana kwa watu wa ambulance. Lakini bei yake inaweza kununua Jesco za kawaida mingi, na mu shamba kitu cha bei vile kinafungiwa ku ofisi ndani ya kabati, na ufunguo uko na prezida, na prezida ameenda Butembo. Mimi nasema wazi: Jesco mbili za kawaida, moja katika sanduku ya depo na moja katika mufuko wa ekipe yenye inaenda mbali, ziko na faida kuliko moja ya kifahari.

Kuhusu ubora, hapa njo pa kufungua macho, juu Jesco za bandia zinafanana na za kweli kama mapacha. Wauzaji wengine wanakata waya ao kipande cha mabati mbele yako ili ushangae. Usishangae. Waya inaonyesha tu nguvu ya mukono wake, na kila waya inaacha alama ku kisu. Kama amekwisha kukata mara kumi mbele ya wateja kumi, usichukue ile yenye ameshika, omba mupya. Jaribio la kweli ni kitambaa. Ondoka nyumbani na kipande cha jini kizee, ukikunje mara mbili, ukiloweshe maji. Kata kutoka mwanzo wa kisu mpaka ku ncha. Makasi mubaya inakata vizuri karibu na musumari wa katikati, lakini karibu na ncha inakunja kitambaa kati ya visu bila kukikata. Kisha kata kipande cha kikwembe chepesi, kikavu. Yenye kukata jini lakini inatafuna kikwembe, visu vyake havikutane vizuri. Kama muuzaji anakataza kujaribu mbele ya kulipa, hiyo pia ni jibu.

Halafu funga makasi na uinue mbele ya mwangaza. Kidogo mwangaza katikati ya visu si shida, lakini ku ncha vinapashwa kugusana. Shika mishiko na ujaribu kuipeleka kushoto na kuume: musumari ukicheza leo, kisha miezi tatu visu vitaachana. Fungua na kufunga mara ishirini. Ikiwa nzito sana, mama mwenye mukono mudogo ao kijana hataiweza, na hatujui ni nani atakuwa karibu siku ile.

Wenye kutumia mukono wa kushoto: Jesco nyingi zimefanywa kwa mukono wa kuume. Kwa nguo nzito mukono wa kushoto unaachanisha visu. Kama katika ekipe muko na mutu wa kushoto, ajaribu mwenyewe mbele ya kununua.

Sasa kutumia. Kuna kanuni za kushika mbele ya ajali, na njia ya kuzishika ni kukata suruali kuu kuu mbili ao tatu katika mukutano, moja imevaliwa na mutu muzima mwenye kukubali.

Ulimi wa mviringo unabakia chini kila mara, upande wa ngozi. Anzia mahali nguo imefunguka yenyewe, ni kusema chini ya suruali, ku mukono wa shati, ku ukosi. Usitoboe nguo katikati. Inua kitambaa na mukono mwingine, peleka makasi mbele kwa mikato mirefu, usikate-kate kidogo kidogo. Fuata urefu wa muguu ao wa mukono. Ukikaribia kidonda, zunguka mbali nacho, usipite juu yake. Kama kuna kitu kimeingia ndani, kipande cha muti ao chuma, usikitoe. Kata nguo pembeni yake na ukiache pale, ukishikilie na vitambaa kisitikisike mpaka ku muganga.

Tena, kata pembeni ya mushono, si juu ya mushono wenyewe. Ku mushono wa jini vitambaa viko vinne pamoja, makasi inakwama pale. Ukikata sentimita moja pembeni, makasi inapita, na fundi ataweza kurudisha suruali ile. Jambo hili linaonekana dogo lakini haliko dogo. Mara mingi mugonjwa njo mwenye anakataza: «Musikate suruali yangu!» Anayo moja tu ya kuendea ku kanisa ao sokoni, ao ameiazima kwa shemeji. Mueleze kwamba unakata pembeni, itashonwa. Koperative zenye ziko na kasha ya mshikamano zinaweza kuandika kabisa katika kanuni zao kwamba nguo iliyokatwa kwa huduma ya kwanza itashonwa ao italipwa na kasha. Bei ya fundi haifikie bei ya damu yenye inapotea wakati watu wako wanabishana.

Na kama kidonda ni kidogo na kinaonekana, usikate kitu. Kunja suruali, basi.

Mwanamuke akiwa njo mwenye ameumia, mwanamuke mwenzake akate kama yuko karibu, na kikwembe kifunike mara moja yenye haihitaji kuonekana. Hata mwanaume, baridi inamushika mutu mwenye amepoteza damu, kwa hiyo akishaonwa afunikwe.

Kisha kufungua nguo, kandamiza kidonda na kompresi na mukono, nguvu, bila kutoa mukono kila saa kuangalia. Habari ya garo, ni kwa muguu ao mukono wenye damu inaruka na haisimame kwa kukandamiza, na ni vizuri ifanywe na mutu mwenye amefundishwa; Croix-Rouge wanatoa mafunzo hayo, komite inaweza kuwaomba.

Mutu akiungua, ondoa nguo yenye haijashikamana na mwili na umwangie maji safi ya baridi ya kawaida dakika 20. Yenye imeshikamana na ngozi usiivute: kata pembeni kwa kuizunguka, kipande kibakie pale mpaka kituo cha afya. Nyoka akiuma, makasi inafungua bota na suruali mbele muguu haujavimba, na pete na bangili zitolewe. Lakini makasi isiguse mahali pa kuumwa. Kuchanja, kunyonya, kufunga kamba nguvu, hayo yote yanaongeza shida. Mutu asitembee, abebwe. Kuhusu bota yenyewe: Jesco nzuri inaweza kufungua bota ya kaucho nyembamba upande wa nyuma, pole pole, lakini ile minene ya ngozi inaikataa, hapo kata kamba zake na uifungue wazi. Muko na bota moja yenye imetoboka ku depo? Jaribuni nayo, mujue makasi yenu inafika wapi.

Wamama wengine watauliza kama inaweza kukata kitovu cha mutoto mwenye kuzaliwa ku njia. Makasi yenye imelala ndani ya mufuko haiko safi ya kutosha, na tetanosi inapita pale. Kitovu kinangoja, mutoto alazwe juu ya kifua cha mama, wafunikwe wote mbili mpaka ku matermite.

Kusafisha ni upande wenye watu wanauvunja haraka. Kati ya mwezi wa Agosti 2018 na Juni 2020 tulikuwa na Ebola Kivu ya Kaskazini na Ituri, na watu wetu walijifunza kwa uchungu kwamba damu ya mutu mwingine haiguswe na mukono mutupu. Funzo lile lisisahauliwe ku makasi. Vaa ganti. Fungua makasi wazi kabisa, usugue na burosi, maji na sabuni, zaidi pale ku musumari na kati ya meno, pale njo damu inajificha. Kisha iweke dakika 10 katika maji ya Javel ya asilimia 0.5. Kama chupa yako imeandikwa asilimia 5, pima kopo 1 ya Javel na makopo 9 ya maji. Soma chupa, juu Javel haziko zote sawa. Usiiache mule usiku muzima: Javel inakula chuma, hata ile ya inoksi, na asubuhi utakuta madoa ya kutu. Suuza na maji safi, ikauke ku jua ikiwa wazi, tia tone moja la mafuta ya cherehani ku musumari. Mafuta ya mawese hapana, kisha wiki mbili yanakuwa gundi.

Kama imetumika juu ya mutu wa dawa ya wadudu, ioshe mbali na kisima na mutoni, sabuni mara mbili, na usiichanganye na vyombo vya jikoni.

Inabakia shida ya mwisho, na katika koperative nyingi njo kubwa kuliko zote: makasi nzuri haikae ndani ya sanduku. Leo inakata kamba ya gunia, kesho mutu anakatia kuku, kesho kutwa iko kwa jirani. Kisu chenye kimekata kamba za gunia muda murefu hakitakata jini siku ya damu. Kwa hiyo nunueni pia makasi ya bei kidogo ya kazi za depo, muitundike karibu na balansi, ili hakuna mwenye atakuwa na sababu ya kufungua sanduku. Ile ya huduma ya kwanza ifungwe ndani ya sanduku na kamba yenye urefu wa mukono na nusu, mule mule na ganti, juu vitu hivi viwili vinatoka pamoja. Sanduku isifungwe na kadena. Mutu mumoja, kwa jina, andikeni katika daftari ya koperative, aifungue siku ya kwanza ya kila mwezi, akate kipande cha kitambaa kilicholowa, aangalie kutu, na atie alama. Ikianza kutafuna kitambaa, ishuke ku kazi ya magunia, na ingine inunuliwe mbele ya musimu wa mavuno kuanza.